Maneno magumu ya Kiingereza yafungueni kama mnavyofungua vitenzi vya Kiswahili (uzi mrefu)

#1 Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nauleta kwa ajili ya vijana wanaoingia vyuo vya afya, na kwa yeyote anayefungua kitini cha Kiingereza akaona ukurasa mzima ni ukuta. Mimi ni muuguzi. Nilisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, nikavuka kwenda kidato cha kwanza, na lugha ikabadilika siku ile ile. Wengi humu mnaijua hiyo njia. Nilichofanya ni kile tulichofanya wote: kukariri. Photosynthesis niliimeza nzima kama kidonge, herufi 14, bila kujua ndani yake kuna nini.

Chuoni kukariri kuligoma. Anatomia ina maneno mapya kila ukurasa, na ukikosea herufi moja umetaja kiungo kingine: ileum ni sehemu ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga. Nikapata sapu (mtihani wa marudio) muhula wa kwanza. Lakini kilichonibadilisha si sapu, ni jambo lililotokea wodini nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Mama mmoja wa makamo, mgonjwa wa kisukari, alikuwa anatoka jasho jembamba na mikono inatetemeka. Nikapima sukari, mashine ikaonyesha 2.4. Niliona kabisa kwamba ni ndogo. Ila mkono ulipofika kwenye faili uliandika "hyperglycaemia". Mtu wa zamu inayofuata angesoma pale angeelewa sukari iko juu, na mwenye sukari ya juu hapewi glukosi. Muuguzi kiongozi wa zamu alilisoma faili lile kabla sijaondoka pale kitandani, akamwekea mgonjwa glukosi kwanza, akakaa naye mpaka mama yule akaanza kuongea vizuri, ndipo akaniita pembeni.

Hakunigombeza. Alichukua kipande cha karatasi akaniuliza, "Mwanangu, Kiswahili cha kidato cha nne ulifaulu?"

"Nilipata B, mama."

"Haya, nichambulie *hawatafundishana*."

Nikaandika: ha-wa-ta-fund-ish-an-a. Nikamweleza: ukanushi, nafsi, njeo, mzizi, kutendesha, kutendana, kiishio. Yeye akaandika chini yake: hypo-glyc-aem-ia. "Hypo ni chini. Glyc ni tamu. Aem ni damu. Ia ni hali. Sasa nisomee."

Nikasoma: hali ya utamu kuwa chini kwenye damu.

Akaandika pembeni, hyper: juu, kupita kiasi. "Ulikuwa unabeba gunia bila kulifungua," akaniambia, akarudi kwa wagonjwa. Karatasi ile ninayo mpaka leo, nimeibandika ndani ya jalada la kaunta buku langu.

Hoja yangu ndiyo hiyo wakuu. Sisi waongea Kiswahili kazi hii tunaijua tangu utotoni. Mtoto wa miaka minne anasema "hajanifungulia" na hakuna aliyemfundisha viambishi. Kiingereza cha kila siku hakijengwi hivyo sana. Go, eat na house hayana cha kuchambua. Ila Kiingereza cha hospitali, maabara na mahakama kimejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande hivyo vinafungwa na kufunguliwa kama vitenzi vyetu.

Tofauti iko kwenye mpangilio. Sisi tunasema uvimbe wa ini, wao wanatanguliza ini: hepat-itis. Kwa hiyo anza kusoma mkiani. Electrocardiogram: gram ni kilichoandikwa, cardio ni moyo, electro ni umeme. Mchoro wa umeme wa moyo, basi. (Hiyo electro asili yake ni elektron ya Kigiriki, yaani kaharabu, ile ile ya tasbihi. Wagiriki waliona kwamba ukiisugua inavuta makapi.)

Na huo mkia wa -itis una historia inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Mwanzoni haukuwa na maana ya uvimbe wala joto. Ulikuwa kama "wa" yetu. Wagiriki walisema nosos arthritis, ugonjwa wa viungo. Baadaye neno ugonjwa likadondoka, ikabaki "wa viungo" peke yake. Ni sawa na mtu anayefika duka la dawa akasema "nipe ya kichwa", na muuzaji ameshaelewa ni dawa. Leo ukiona -itis ujue ni mchochota, na dalili zake nne Celsus, mwandishi wa vitabu vya tiba, aliziandika Roma karne ya 1 baada ya Kristo: rubor, tumor, calor, dolor. Wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Bado tunafundishwa hizo hizo.

Sasa chumba cha upasuaji. Hapa wanafunzi wengi wanachanganya mikia mitatu, nami nilichanganya muda mrefu:

-otomy, kukata na kufungua.
-ectomy, kukata na kutoa nje.
-ostomy, kukata na kuacha mdomo.

Mbili za mwanzo zina tome, mkato. Ya tatu ina stoma, mdomo. Colostomy ni utumbo mpana kupewa mdomo tumboni. Appendicectomy, kidole tumbo kimetolewa. Tome hiyo hiyo iko ndani ya anatomy, maana yake kukatakata, na ndani ya atom, kisichokatika. Mara ya kwanza kuona kwamba anatomia na atomu ni ndugu nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Mgonjwa wa kisukari pia anakuja na poly tatu ambazo watu huzikariri kama shairi: polyuria, polydipsia, polyphagia. Poly ni nyingi. Uria mkojo, dipsa kiu, phagein kula. Anakojoa sana, ana kiu sana, anakula sana. Na ukishamjua phagein hutachanganya tena dysphagia na dysphasia. Dys ni ubaya au ugumu. Yenye g ni shida ya kumeza, yenye s ni shida ya usemi. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili, na yule mwenye g ukimpa uji bila kumpima kumeza anaweza kupaliwa ukaingia mapafuni. Herufi moja hiyo.

Naomba kuwasilisha kwanza hapa. Maswali karibuni.

#2 Mtu wa Vipimo

Mkuu umeandika kitu cha maana sana. Mimi niko maabara. Swali langu: kwa nini kiungo kimoja kina majina mawili? Figo ni renal, halafu ugonjwa wake nephritis. Pafu ni pulmonary, halafu pneumonia. Mwaka wa kwanza nilidhani ni viungo tofauti.

#3 Zamu ya Usiku

Swali zuri mkuu, na jibu lake linapunguza nusu ya mzigo.

Tiba ya kale iliandikwa Kigiriki. Hippocrates, yule wanayemwita baba wa tiba, alikuwa mtu wa kisiwa cha Kos, Ugiriki. Hata Galen, aliyetibu watawala wa Roma karne ya 2, kwao ni Pergamon, mji wa Wagiriki, na vitabu vyake aliandika Kigiriki. Kwa hiyo magonjwa yalibatizwa Kigiriki. Ulaya ilipokuja kupasua maiti na kuchora mwili upya, lugha ya wasomi ilikuwa Kilatini. Andreas Vesalius alitoa kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili mwaka 1543 kwa Kilatini. Kwa hiyo kiungo chenyewe mara nyingi kina jina la Kilatini, na ugonjwa au upasuaji wake unabeba Kigiriki.

Ren na nephros, figo. Pulmo na pneumon, pafu. Cutis na derma, ngozi. Oculus na ophthalmos, jicho. Nasus na rhis, pua. Hiyo ya mwisho mtoto yeyote aliyemwona kifaru Ngorongoro anayo tayari: rhinoceros, pua yenye pembe. Rhinitis ni mafua ya pua. Si kanuni ya chuma, kuna maneno yanayoivunja, lakini inabeba mbali.

Na Walatini walipoupa mwili majina walitazama vyombo vya nyumbani. Pelvis ni beseni. Tibia ni filimbi. Clavicula, mtulinga, ni ufunguo mdogo. Musculus ni panya mdogo, kwa jinsi msuli wa mkono unavyokimbia chini ya ngozi ukikunja. Patella ni kisahani. Sisi hapo tuliona kingine kabisa, tukaita pia ya goti, ile pia ya watoto inayozunguka.

#4 Nauliza Kwanza

Mleta uzi nakuheshimu, ila nina angalizo. Mizizi inadanganya. Mwalimu wetu alitufundisha ped ni mguu: pedal, pedestrian. Nikakutana na paediatrics nikajaza mguu kwenye mtihani. Ni watoto! Homo nayo: Homo sapiens ni mtu, homogeneous si mtu. Na inflammable niliisoma kwenye pipa nikadhani haishiki moto, kwa sababu tumefundishwa in ni ukanushi. Mtu anaweza kuungua na hizo elimu za vipande.

#5 Zamu ya Usiku

Uko sahihi mkuu, na huo wa inflammable naomba kila mtu aukumbuke. Kuna in mbili za Kilatini. Moja ni ukanushi, nyingine ni "ndani, kuingia". Inflammare ni kutia moto. Pipa lenye neno hilo linashika moto haraka. Siku hizi wengi wanaandika flammable ili kuepusha hatari hiyo hiyo uliyoisema.

Ped mbili nazo ni lugha mbili: pes, pedis ya Kilatini ni mguu; pais, paidos ya Kigiriki ni mtoto. Hapa tahajia ya Uingereza tuliyorithi inatusaidia. Tunaandika paed, na ile a ni alama ya Kigiriki. Kwa hiyo usiidharau a katika anaemia wala o katika oedema, ni nyayo za njia neno lilikopitia. Homo ni hivyo hivyo: ya Kilatini ni mtu, ya Kigiriki ni "sawa".

Ninaongeza angalizo lako. Mzizi unakupa walichodhani watu siku ile, hauapi kwamba ni kweli. Malaria ni mala aria ya Kitaliano, hewa mbaya. Mwaka 1897 Ronald Ross akiwa India alimwona mdudu wa malaria ndani ya mbu, hewa ikaachiwa. (Na jina la mbu huyo, Anopheles, ni Kigiriki: asiye na faida. Hapo hawakukosea.) Arteria, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, wakati mmoja ilidhaniwa mrija wa hewa, kwa sababu kwenye maiti waliikuta tupu. Oxygen maana yake kizaa-asidi. Lavoisier, mkemia Mfaransa, aliamini kila asidi ina oksijeni, kumbe si kila asidi inayo. Kwa hiyo mzizi ni mlango. Ukishaingia, tazama kilichomo kwa macho yako.

#6 Mwanafunzi wa Sheria

Sisi wa sheria mmetuacha? Alibi ni Kilatini, "mahali pengine". Subpoena, "chini ya adhabu", ndiyo maana usipokwenda unapata matatizo. Na affidavit ni kitenzi kizima chenye nafsi na njeo ndani: "ameapa". Neno moja kama letu kabisa. Kiingereza kinakichukua kama nomino, sisi tunaita hati ya kiapo.

#7 Zamu ya Usiku

Asante sana mkuu. Hiyo affidavit sikuijua, naiandika.

#8 Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha Kiswahili miaka mingi huku pwani, nimeusoma uzi wote kwa furaha. Naongeza upande mmoja. Mnatafuta Kigiriki na Kilatini kwenye Kiingereza, na vingine mnavyo mdomoni tangu asubuhi.

Kalamu tuliipata kwa Waarabu, nao waliitoa kwa Kigiriki kalamos, utete. Falsafa ni philosophia. Kanuni ni kanon. Almasi ni adamas. Sabuni ni sapo ya Kilatini. Karatasi imepita Uarabuni, karata za kucheza zimepita Ureno, na zote mbili zinatoka kwa khartes ile ile ya Wagiriki. Meza na mvinyo ni Wareno, nao ni watoto wa Kilatini. Gereza ni igreja yao, kanisa, na nyuma yake ni ekklesia ya Kigiriki, mkutano. Shule tulipewa na Wajerumani, skuli ya Unguja ikatoka kwa Waingereza. Baba yao mmoja, schola, na babu yao Mgiriki alikuwa na maana ya wasaa, muda wa mtu kupumzika na kufikiri.

Ninyi watu wa hospitali, nawapa la kwenu. Cancer kwa Kilatini ni kaa, huyu wa pwani mwenye magando. Hippocrates alisema karkinos, kaa, Walatini wakatafsiri. Na sisi tunasema saratani. Saratani kwa Kiarabu ni nini? Kaa. Mnyama mmoja ametembea lugha zote hizo na bado anaitwa kwa jina lake. Belghamu nayo ni phlegma.

Na aliyewahi kushangaa kwa nini Septemba ni mwezi wa tisa wakati septem ni saba, atazame Jumamosi. Mosi ya wapi, na wiki za kalenda zinaanza Jumapili au Jumatatu? Wazee walihesabu baada ya Ijumaa. Warumi nao mwaka wao wa zamani ulianza Machi. Hesabu kutoka hapo, Septemba ni wa saba, Oktoba wa nane, Desemba wa kumi. Ni kama Mfunguo Mosi tunavyouhesabu baada ya Ramadhani. Neno linatunza mahali mtu aliposimama alipoanza kuhesabu.

#9 Zamu ya Usiku

Shikamoo mwalimu. Nimesoma ya saratani mara tatu. Nimeitamka kwa wagonjwa miaka yote hii na sikumwona kaa.

Umenikumbusha chanjo. Vaccine inatokana na vacca, ng'ombe, kwa sababu mwaka 1796 Edward Jenner alimkinga mtoto na ndui kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Sisi tulitazama mkono wa mchanjaji, tukaita kwa kitendo cha kuchanja ngozi. Wao waliangalia dawa ilikotoka, sisi tuliangalia inakoingia. Na photosynthesis niliyoimeza nzima kidato cha kwanza: photo ni nuru, synthesis ni kuweka pamoja. Kiswahili chake ni usanisinuru. Usanisi, nuru. Lilikuwa limeshafunguliwa, hakuna aliyenionyesha.

#10 Mwaka wa Kwanza

Shikamooni wote. Mimi naanza diploma ya uuguzi. Naanzia wapi kaka? Nimepewa desa lenye orodha ya mizizi mamia, nikikariri hiyo si nimerudi kule kule?

#11 Zamu ya Usiku

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, utakuwa umerudi kule kule, kwa hiyo hilo desa liweke pembeni kwa sasa.

Chukua kaunta buku, ukurasa uugawe mara mbili. Kushoto viungo 5: gastr tumbo, hepat ini, nephr figo, cardi moyo, oste mfupa. Kulia mikia 5: -itis, -ectomy, -algia maumivu, -megaly kukua kupita kiasi, -logy elimu. Unganisha. Si kila muunganiko unatumika hospitalini, lakini hepatomegaly ikitokea utaifungua bila kamusi. Kisha ongeza vichwa: a au an ya kutokuwepo, dys, hyper, hypo, tachy haraka, brady polepole. Hypo na hyper ziandike kila moja kwenye ukurasa wake, na rangi tofauti, mbali na mwenzake. Nakuomba usinipuuze kwenye hilo.

Kila neno jipya la wodini lifungue siku hiyo hiyo, ukiwa bado unaukumbuka uso wa mgonjwa. Mimi dia, "kupitia", haikuniingia kwenye kitini. Iliniingia nilipomhudumia mtoto wa kuharisha: diarrhoea, kutiririka kupitia. Diabetes nayo ni "kupita", kwa maji yanavyompita mgonjwa, na mellitus ni ya asali. Dialysis, kutenganisha kwa kupitisha. Mtoto yule alipona, na dia sijaisahau tena.

Tena sema kwa sauti kwa Kiswahili. Ukiweza kumweleza bibi wa mgonjwa maana ya neno lile, umelijua. Ukishindwa, bado umelimeza.

#12 Mwaka wa Kwanza

Asante sana kaka. Nimeshachora.

#13 Wa Newala

Mmesema Ugiriki, Roma, Uarabuni, Ureno. Sisi wa kusini mwa Tanzania nasi tuna letu, tena limo kwenye vitabu vyenu vyote vya tiba: chikungunya. Homa ile ilitambuliwa huku kwetu, uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952 na 1953, na jina ni Kimakonde. Ni hali ya mtu kukunjika, kwa maumivu ya viungo anatembea ameinama.

#14 Zamu ya Usiku

Mkuu wa Newala, umenifikisha mahali ambapo sikutarajia. Nimemhudumia mgonjwa wa chikungunya. Nikaandika arthralgia kwenye faili: arthr viungo, alg maumivu, ia hali. Jina la ugonjwa lenyewe nikaliandika kama lilivyo, nikidhani limetoka mbali huko. Na madaktari wa Brazili na India wanaliandika hivyo hivyo, chi ikiwa mwanzoni.

Na hiyo chi ni ki yetu, sivyo? Kama Chimakonde na Kimakonde. Basi nisaidie iliyobaki: mzizi wake ni upi, na kiishio kiko wapi? Nimefungua ukurasa mpya, juu nimeandika Kimakonde. Naingia zamu saa mbili usiku, nitasoma jibu nikitoka.